Uso Usioguswa na Sabuni

Kwa nini binti za Shangazi walioshwa uso kwa sabuni, mimi nikaoshwa kwa maji matupu?

Swali hilo lilinirudia juzi sokoni Mpanda, nilipomwona mama akimpangusa mwanawe uso taratibu kwa kitambaa kibichi.

Nilikuwa nalelewa na Shangazi, dada yake baba, mtaa wa Majengo. Mchana ule tulijiandaa kwenda harusini Kakese. Ua mzima ulinukia sabuni ya mche, na binti zake walikuwa na mapovu hadi masikioni. Mimi alininawisha kwa maji ya uvuguvugu, akanikausha kwa kunigusagusa na khanga, kisha akanipaka mafuta ya mgando.

"Sabuni siyo ya wageni," alinitania Eliza, binti yake mkubwa.

Sikucheka. Niliamini sasa kwamba pale sihesabiwi mtoto wa nyumbani. Shangazi alipoingia ndani kuvaa, nilichukua ile sabuni nikajisugua kwa nguvu. Punde mashavu yakaanza kuwaka.

"Nani kakwambia ushike sabuni, we mtoto?"

"Shangazi, umeitia dawa iniunguze mimi tu?"

Aliguna, akaninawisha upya bila kueleza chochote, nami nikazidi kumshuku.

Nilikuwa tayari chuo kikuu baba aliponiambia kwamba Shangazi mwenyewe hajawahi kugusisha sabuni usoni. Ngozi yake ni kavu, aliirithi kwa babu, na kati ya watoto wote aliowalea, ni mimi tu niliyeichukua.