Meza ya Maswali na Meli ya Mfunguo Tano

Siku yangu ya kwanza kwenye meza ya maswali niliaibika kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka tawi letu la maktaba la Ganjoni, ambako kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kuwaazima watoto wa shule vitabu vya hadithi na kuwabembeleza wavirudishe bila mafuta ya mahamri. Nikahamishiwa maktaba ya Mji wa Kale, iliyokuwa kwenye nyumba ya ghorofa mbili ya wakfu, nikapewa meza kando ya dirisha. Mtu wa kwanza kunijia alikuwa muuza kahawa. Akaniuliza kwa adabu zote: Vita vya Miaka Mia, vile vya Waingereza na Wafaransa, vilichukua miaka mingapi? Nikacheka. Nikamwambia, "Mia, mzee wangu. Si jina lenyewe lasema?"

Mkutubi Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa bwana mwembamba, mzaliwa wa mitaa hiyohiyo, msafi wa kupindukia, na mwenye sauti ndogo iliyokufanya uiname kumsikiliza.

"Bi. Kadzo, ni mia na kumi na sita. Umetazama kitabu gani?"

"Nimejibu kwa kichwa, bwana."

"Hicho hakimo katika orodha yetu," akasema, akamwomba radhi muuza kahawa kwa niaba ya maktaba nzima.

Nyinyi vijana mnaobonyeza simu mkapata jibu kabla hamjamaliza kuuliza, hebu niwaeleze tulivyofanya sisi. Mwenye swali alipewa kikaratasi, akaliandika. Asiyejua kuandika, niliandika mimi anavyosema, bila kulipamba. Kisha nilikwenda kwenye droo za kadi, ambamo kila kitabu kilikuwa na kadi yake, nikatafuta vitabu vya kunifaa, nikafungua faharasa, ile orodha ya majina na mambo iliyo mwishoni mwa kitabu, nikasoma. Jibu halikuhesabiwa kuwa jibu mpaka vitabu viwili visivyonakiliana vikubaliane. Hapo ndipo nilipomsomea mtu jibu lake kwa sauti, nikakipiga kikaratasi muhuri wa IMETHIBITISHWA, akaenda nacho. Palipokosekana ushahidi ulitumika muhuri wa pili, HAIJULIKANI. Huo wa pili nilikuwa siupendi. Niliona kama nampa mtu sahani tupu.

Maswali yenyewe yalitoka barazani. Wazee wa kahawa walibishana jioni, asubuhi wakamtuma mmoja wao kwangu. Piramidi zilijengwa na watumwa au na watu wa kulipwa? Kwa nini Warumi, na nguvu zote zile, walianguka? Hivi kweli ukuta wa Wachina waonekana kutoka mwezini? Makuli wawili wa bandari ya Mbaraki waliwahi kuja na jasho lao, wakataka niwaamulie kama Iskandari alikuwa Mgiriki au Mmasedonia. Nilipowasomea kwamba wataalamu wenyewe bado wanavutana, walitoka wamekasirika wote wawili, na mimi ndiye niliyelaumiwa.

Nilikuwa na kiburi cha kazi, sifichi. Mtu akiniuliza mwaka wa vita fulani nilihisi damu ikinichemka kwa raha. Na kiburi hicho ndicho kilichonikwaza kwa Bi. Maimuna.

Bi. Maimuna alikuwa na miaka kama sabini, nyumba yake kama hatua mia mbili kutoka maktabani, fundi wa kushona kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono. Alikuja asubuhi moja, akavua viatu mlangoni ingawa tulimwambia si lazima, akaketi mbele yangu. Hakuweza kuandika kwa herufi zetu, akaniambia niandike mimi. Mumewe, Omari, alichukuliwa uaskari katika vita vya pili vya dunia. Walikuwa wameishi pamoja miezi minane tu. Akapakiwa melini Kilindini kwenda Bama kupigana na Wajapani, na tangu siku hiyo haikuja barua, salamu, wala mtu wa kusema nilimwona. Nduguze Bi. Maimuna walimtaka aende kwa kadhi aachanishwe ili aolewe tena. Akakataa. Miaka hamsini hakuwa mke wala mjane.

"Nataka kuyuwa kitu kimoja tu," akasema. "Ile meli ilifika? Kama haikufika, nimsomee hitma. Shekhe yuko tayari, lakini ataka habari ya kushikika. Mtu hawekewi matanga kwa kudhani."

Nikamuuliza aliondoka lini. Mwaka aliujua vizuri. Mwezi akaniambia: mwanzo wa Mfunguo Tano.

Mimi ni Mkristo wa Rabai. Miezi ya Mfunguo, ya kalenda ya Kiislamu, nilikuwa nikiisikia kwa majirani, ila sikuwahi kuihesabu mwenyewe. Nilijua inaanzia Ramadhani. Basi nikahesabu kwa vidole, Ramadhani ikawa Mfunguo Mosi, nikafika wa tano, nikaulinganisha na kalenda yetu ya Kizungu. Halafu nikafungua kitabu kimoja kinene cha vita hivyo, na humo nikakuta: mwezi uleule niliouhesabu, meli ya askari iliyotoka Kilindini ilipigwa na manowari ya chini ya maji ikazama, na waliopona walikuwa wachache. Kitabu cha pili sikukitafuta. Nilimwona yule mama ameketi, mikono mapajani, na nilitamani sana kumpa kitu. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nimsomee tena, nikamsomea. Kisha nikapiga muhuri wa IMETHIBITISHWA, akakikunja kikaratasi mara mbili, akakitia ndani ya buibui lake na kuniombea dua.

Hitma ilisomwa Ijumaa.

Jumamosi Mkutubi Mkuu alipitia daftari la maswali kama ilivyokuwa desturi yake kila wiki. Akaniita.

"Mfunguo Tano umeuhesabu kutoka wapi?"

Nikamwonyesha vidole vyangu.

Akafumba macho kidogo. "Ramadhani ni mwezi wa kufunga, Bi. Kadzo. Mfunguo Mosi ni ule unaofuata, watu wakishafungua. Umekosea mwezi mzima. Meli uliyomsomea si meli ya mumewe."

Tulikaa naye asubuhi nzima, tukashusha kila kitabu cha vita tulichokuwa nacho. Meli ya Mfunguo Tano haikutajwa popote. Huenda ilifika salama. Huenda Omari alishuka Bama akafa msituni, au alipona akaishi huko na mke mwingine na wajukuu. Hatukujua, na mimi nilikuwa nimempigia mama wa watu muhuri wa kujua.

"Kanuni unaijua," akasema Mkutubi Mkuu. "Jibu la makosa hurudishwa likafutwa. Ulilitoa wewe, nenda wewe."

Hatua mia mbili zile zilikuwa ndefu. Nilipiga hodi, nikapokewa na harufu ya ubani. Wanawake walijaa ukumbini kwenye mikeka. Bi. Maimuna alikuwa katikati yao, na kila aliyeingia alimshika mkono akamwambia, "Pole, dada. Mungu amrehemu Omari." Naye aliitikia kila mmoja, polepole, bila kumruka hata mmoja. Sijawahi kuona mtu akipokea pole namna ile. Nikataka kugeuka nirudi zangu.

Aliniona. Akanishika mkono, akanipeleka chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Shikamoo, Bi. Maimuna. Nimekuja kukuomba radhi. Lile jibu..."

"Marahaba. Lina makosa," akasema.

Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, miezi ya Kiislamu wanihisabia weye?" Akacheka kidogo, kicheko cha kunihurumia. "Uliponisomea pale mezani naliyuwa. Nikakwambia unisomee tena, nikasema labda masikio yangu. La. Mwezi si wenyewe."

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

Akatoa kile kikaratasi chini ya mto. Kilikuwa kimeshaanza kulegea mikunjo.

"Kwa sababu kina muhuri. Serikali iliyomtukua haikunipa hata kipande cha karatasi. Miaka khamsini, Kadzo, sijapawa pole. Watu wangenipa pole ya nini? Mume hajafa, hajarudi, hakuniata. Shekhe nalimwambia kweli yote, kwamba mwezi haulingani. Akanambia, soma, dua haimdhuru hata aliye hai. Nikasoma. Na wao wakaya." Akaonyesha mlango, upande wa pili ambako wenzake walikuwa wakinong'ona. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Sasa wataka kukitukua?"

Nililia mimi kuliko yeye. Nikamwambia kibaki palepale.

Nilirudi kazini nimejiandaa kufukuzwa. Katika daftari nikaandika HAIJULIKANI, nikapiga muhuri ambao siku zote niliuonea aibu. Mkutubi Mkuu akauliza, "Na kikaratasi kiko wapi?" Nikamwambia nimemwachia, na kwa nini. Akaisoma ile HAIJULIKANI daftarini. Kisha akaingia ofisini mwake, akatoka amevaa kofia, akanikabidhi funguo.

"Funga ikifika saa kumi na moja," akasema. "Mimi nakwenda kutoa mkono wa pole."

Nilistaafu mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya tisini. Watu huniuliza kama sikuchoka na wafalme na falme zilizokufa. Sikuchoka. Nilijifunza kwamba anayeuliza habari za vita mara nyingi ana mtu wake ndani ya vita hivyo, na tangu siku ile nilizoea kumuuliza kwanza, "Unamtafuta nani?" kabla sijafungua droo. Vitabu viwili nilivitafuta kila mara, na palipokuwa hapajulikani nilisema hivyo, nikaketi na mtu dakika chache.

Bi. Maimuna matanga yalipokwisha alikuja tena, akavua viatu mlangoni. Alisema maisha yake yote alikuwa na swali moja, na sasa ana nafasi ya mengine, nimsomee ya dunia tangu mwanzo. Basi kila Jumanne baada ya adhuhuri nilimsomea, huku akishona kofia: Misri, Babeli, Uajemi, Warumi aliowaona watu wa makelele, Wamongolia aliowahurumia kwa baridi. Ilituchukua miaka. Jumanne yangu ya mwisho kazini tulikuwa tumemaliza vita vya kwanza vya dunia. Nikafunua ukurasa ili niendelee na vya pili. Akaweka sindano chini, akanyoosha mkono, akakifunga kitabu taratibu juu ya vidole vyangu.

"Hapo basi, mwanangu," akasema. "Hivyo vya pili nitakuhadithia mimi."