Paa Moja na Mkwe Wangu

Mwaka jana, mwezi wa pili, binti yangu alinipigia simu kutoka Omani akaniambia ana mimba yake ya kwanza na atajifungua mwanzoni mwa mwezi wa sita. "Mama, nataka uje wewe," akasema. "Kibali cha mgeni wanatoa kwa mtu mmoja tu, na huyo mtu ni wewe." Nikamjibu kwamba nitakuja hata kwa kutambaa. Nilipokata simu nikaanza palepale kumchukia kila mtu anayeweza kunizuia. Hawakuwa wengi. Wa kwanza alikuwa wifi yangu, na wa pili sikuwa na haja ya kumtafuta.

Mkwe wangu ni fundi wa mitambo mikubwa. Alianzia migodini Geita, kisha akapata kazi Omani kwenye machimbo ya mawe, akamchukua binti yangu wakaenda kuishi katika mji mdogo uliozungukwa na milima. Picha alizonitumia binti yangu zilinikera tangu siku ya kwanza. Milima mitupu, haina hata kichaka cha kumfichia mbuzi, na chini yake nyumba nyeupe zimepangwa kama vile hakuna anayeishi ndani. Nilimwuliza watu wa huko wanakula nini. Akasema, "Mama, kuna maduka." Sikuamini maduka hayo. Nikaanza kukausha michembe ya viazi vitamu mwezi huohuo, maana mzazi hawezi kupona kwa vyakula vya kwenye makopo.

Sisi tunaishi Shinyanga mjini. Mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha jiografia katika shule za msingi mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Mume wangu ni mtu mpole, ana maneno yake, isipokuwa mbele ya dada yake mkubwa anayeishi kijijini Samuye. Huyo dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili asome, na hajawahi kutuacha tusahau. Mimi namwita dada kwa mdomo. Moyoni namwita vingine.

Mwezi wa nne akatuita. Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda anamenya karanga, na kaka wawili wa mume wangu wamekaa pembeni, wameshakula. Nilipiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo, dada."

Alimaliza kwanza karanga iliyokuwa mkononi. "Marahaba, mwalimu. Tumesikia unaenda Uarabuni."

"Naenda kumlea mzazi. Mwezi wa sita."

"Vizuri. Utalala wapi?"

Nilijua anakoelekea. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe wa kiume. Hawali sahani moja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Mjini watu wameanza kulegeza, wengine wanapanda hata bodaboda moja na wakwe zao, lakini Samuye jambo hilo halina mjadala.

"Nyumba ina vyumba viwili," nikasema.

"Sikukuuliza vyumba. Nimekuuliza paa."

"Dada, huko ni mbali, nyumba zao ndivyo zilivyo."

"Mila haipandi ndege?" Akawageukia ndugu zake. "Huyu siye aliyemtoza yule kijana mbuzi?"

Hapo alinishika pabaya. Ni kweli nilimtoza. Siku alipokuja kujitambulisha, kijana wa watu aliingia kimakosa na sahani yake ya ugali kwenye chumba nilichokuwa nakula mimi, akakaa. Nilisimama, nikatoka nje, nikasema sitaingia mpaka faini ilipwe. Nilikuwa na haki, lakini pia nilikuwa nimeshaamua kwamba simpendi, na nilifurahi kumwona anatafuta mbuzi juani. Mbuzi huyo alipatikana na alichinjwa. Wifi alikula maini.

"Sasa leo," akaendelea, "wewe mwenyewe ukalale naye nyumba moja siku arobaini. Tutawaambia nini watu? Bora niende mimi."

"Na wewe si mkwe wake vilevile? Shangazi wa mke si mama?"

"Mimi ni mkwe wa pembeni."

Kaka mmoja alikohoa. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimtazama nikitegemea neno moja tu, hata "Dada, lakini," na sikulipata. Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Mdomo huponza kichwa, na wangu siku hiyo uliniponza mbele ya mashahidi.

"Nitalala nje," nikasema. "Wana baraza. Mwezi wa sita hakuna mvua, ni upepo tu. Nitajifunika blanketi. Naapa mbele yenu wote, sitalala chini ya paa la mkwe wangu hata usiku mmoja. Mmeridhika?"

Nadhani wifi hakutegemea hilo. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akainua ungo wake, akapepeta maganda, na mazungumzo yakahamia kwenye pamba.

Nilirudi mjini nikijiona mshindi. Nilinunua blanketi zito sokoni, lile la mistari, nikanunua na sweta. Nikasaga unga wa ulezi, nikafunga karanga, nikapanga kanga nne mpya za kumbebea mtoto. Hati ya kusafiria nilikuwa nayo tayari. Kila jirani aliyepita nilimwonyesha begi. Mwezi wa sita kwetu ni kipupwe. Asubuhi watu wanakwenda kuvuna pamba wamejitanda mashuka, na mbu hupungua, na mtu akilala uani anaamka mzima. Nilikuwa najiona barazani kwa binti yangu, nimejifunika, nasikiliza mtoto akilia ndani ili niinuke.

Mwezi wa tano katikati binti yangu akapiga tena. Alitaka nakala ya hati yangu ili mumewe aombe kibali. Nikamwambia nitaituma, na nikamweleza kwa majivuno jinsi nilivyomkomesha shangazi yake.

"Mama, umeapa kulala nje? Mwezi wa sita?"

"Kwani kuna simba?"

"Mama, mwezi wa sita hapa ndiyo joto lenyewe linaanza. Hiyo milima inashika jua mchana kutwa, na usiku inalirudisha. Ukuta wa nje saa nne usiku haugusiki. Hakuna anayelala nje, hata paka."

"Basi nitalala hicho chumba cha pili, mumeo alale hata kazini."

"Hilo ndilo paa lilelile, Mama. Halafu AC iko chumba kimoja tu. Umeme wa nyumba haubebi ya pili, mwenye nyumba amekataa. Mwaka jana tulilala wote mle, na wageni wetu pia. Hakuna chumba kingine mtu anaweza kulala." Kisha akacheka kidogo, akaniambia neno ambalo mpaka leo linaniuma: "Si wewe uliyetufundisha Tropiki ya Kansa?"

Ni mimi. Alikuwa mwanafunzi wangu darasa la sita. Kwa miaka yote ile nilichora duara ubaoni, nikachora mstari wa Tropiki ya Kansa, nikawachapa watoto waliosahau kwamba mwezi wa sita jua la utosi liko juu ya mstari huo. Mstari wenyewe unakatiza Omani. Niliujua kwa mtihani. Lakini ulipofika wakati wa kuapa, nilipanga safari kwa hali ya hewa ya Shinyanga, kama mtu ambaye hajawahi kuona ramani.

Hapo ilibaki kazi rahisi. Nilitakiwa kwenda Samuye, kupiga goti, kusema, "Dada, nilikosea, naomba mniondolee kiapo." Wazee wangeniondolea kwa kuku mmoja na maneno mengi. Mume wangu aliniambia hivyo hivyo, tena kwa upole. Nilimjibu kwamba kama angekuwa na ulimi siku ile, leo nisingehitaji kuku. Nikamwambia bora niikose Omani yote kuliko kumwona dada yake akicheka na karanga zake mkononi. Sikumaanisha. Lakini nilisema, na nilipokwisha kusema nikaona aibu kurudi nyuma.

Hati ya kusafiria ilikuwa kabatini, chini ya kanga. Kuipiga picha na kuituma ni kazi ya dakika moja. Sikuituma. Binti yangu aliandika, "Mama, umefikia wapi?" Nikamtumia picha ya michembe. Akaandika tena, "Mama, ile nakala." Nikamtumia picha ya kanga. Nilikuwa nategemea jambo litokee lenyewe, wifi augue, au wazee wabadili mila bila kuulizwa, au mkwe wangu atafute nyumba nyingine. Nilimlaumu sana kwa ile AC moja. Nilisema mtu anayechimba milima mizima anashindwaje kuwa na vyumba viwili vya baridi. Zikapita wiki mbili hivyo, mimi na chuki zangu, tukila na kulala.

Mwisho wake ni mimi mwenyewe niliyechoka. Asubuhi moja niliamka nikaona blanketi lile juu ya begi, nikalitupa chini. Sikwenda Samuye na sikumwambia mume wangu. Nilipiga simu, si kwa binti yangu, kwa mkwe. Sikuwahi kuzungumza naye moja kwa moja hata siku moja. Salamu zetu zilikuwa zinapitia kwa mke wake.

"Shikamoo, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani.

"Marahaba. Nakuja. Tutalala chumba hichohicho, wewe, mke wako, mtoto na mimi. Nimeivunja mila mimi, dhambi ni yangu. Nakutumia nakala sasa hivi."

Nilisikia akifunga mlango kwanza.

"Mama, nisamehe. Muda wa kuomba ulikuwa unakwisha. Kibali kilitoka wiki iliyopita, kwa jina la mama yangu. Yeye hana shida ya paa na mimi." Kisha akaongeza, "Niliogopa kukukosea heshima mara ya pili."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au alikuwa ananilipa mbuzi wangu. Nimeigeuza sentensi ile kila upande. Kuna siku nasema kijana ni mstaarabu. Siku nyingi nasema alingoja tu.

Wifi alipopata habari alikuja mjini kwa bajaji, bila kuitwa. Alikaa kwenye kochi langu, akasema kwa sauti ndogo, "Ningejua ukoo mwingine ndio utampokea mtoto wetu, ningekwambia ulale popote." Nilimwambia chai iko jikoni, ajimiminie.

Mtoto alizaliwa wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, wa kike, mzima. Walitupigia simu ya video siku ya tatu. Binti yangu alionekana kidogo tu, amejilaza, amechoka, anatabasamu. Nikamwuliza kama amekula. Kabla hajajibu, simu ikachukuliwa na mwanamke wa makamo kama mimi, amevaa kanga ya nyumbani, kichanga amekilaza kifuani ndani ya chumba kile cha baridi. Alikuwa ametoka kumwogesha. Nywele za mtoto zilikuwa bado mbichi.

"Usiwe na wasiwasi, dada," akaniambia. "Mimi nipo. Anakula vizuri, amelala vizuri. Tazama anavyofanana na wewe pua."

Alisogeza simu ili nione. Alikuwa anamshika vizuri, shingo ameikinga, miguu ameifunika, hakuna alipokosea. Nilimtafuta kosa kichwani mpaka miguuni nikalikosa.

"Wabeja, dada," nikamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana." Nilikuwa namchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, naye hakuwa amenifanyia lolote.