Siku Niliyompakia Dheere Peke Yangu

Chekeni mapema, ruhusa mnayo, maana hata mimi nikianza kuikumbuka siku ile huanza kwa kucheka, kisha kicheko kinanikwama na masikio yanapata joto, mimi bibi mzima mwenye wajukuu. Mnaniona hapa Garissa nimekaa na tasbihi yangu, mnaniita eedo, shangazi, mnaniletea kesi zenu za ndoa, mnadhani nilizaliwa na busara. Wallahi sikuzaliwa nayo. Niliipata kwa ngamia wa mtu mwingine.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, nami sina hata mwaka katika ndoa. Baba yangu alikuwa na duka hapa mjini, chuo cha Kurani nilikuwa nimekihitimu, Kiswahili nilikiokota kaunta kwa kuwauzia askari sukari na majani ya chai, halafu nikaolewa na mfugaji wa upande wa Kotile (alinipendea nini sijui, mbuzi sikujua hata kumkama) nikaenda kuishi porini na mama yake. Mama mkwe wangu, Hooyo Dekha (hooyo kwetu ni mama), alikuwa mjane mwenye goti bovu, hawezi kutembea zaidi ya kutoka mlangoni hadi zizini. Kila mara tulipohama alipanda juu ya Dheere, ngamia dume wa mizigo aliyeachiwa na marehemu mumewe, mnyama mrefu kama jina lake linavyosema, mpole, mwenye tabia ya kunusa kilemba cha Hooyo kila asubuhi. Bila Dheere, Hooyo asingeweza kufuata malisho, na maisha mengine zaidi ya hayo hakuyajua.

Basi serikali ikaamuru wafugaji wote tukusanyike katika kijiji kimoja karibu na kambi ya askari, na atakayebaki porini, mtu au mnyama, atahesabiwa kuwa wa shifta. Wanaume wetu walitangulizwa pamoja na mifugo kwenda kukaguliwa. Sisi wanawake tukabaki kubomoa nyumba na kuzipakia, kwa kuwa kwetu nyumba ni ya mwanamke, yeye huijenga, huibomoa na huihamisha.

Alasiri ya kuamkia safari tulikaa tukinywa chai, wakamsema mwanamke mmoja wa boma la jirani asiyejibu salamu, mmoja akasema yule ana kibir. Hapo ndipo mimi nilipojiona nimepata jukwaa. Nikawaambia mnalitumia neno hilo na hamjui lilikotoka, hilo ni la Kiarabu, asili yake ni ukubwa, linatoka shina moja na Kabiir, jina la Mwenyezi Mungu, na moja na akbar tunayoitamka kila sala, ndiyo maana ni dhambi nzito, mja anajivika ukubwa usio wake. Waswahili wakalichukua wakasema kiburi, sisi tukasema kibir, na kabla ya hapo Wasomali tulikuwa na letu, islaweyni, nalo pia ni mtu kujiona mkubwa, kwa hiyo huku na huku watu waliuona ugonjwa mmoja. Nilisema yote hayo kidole kikiwa juu! Wakanisikiliza kwa adabu, kisha Habiba, wifi yangu mkubwa, akamimina chai, akasema taratibu:

"Maashallah, abaayo, dada yangu, maneno unayajua. Kesho tutaona kama na kamba unazijua."

Wakacheka. Kicheko kidogo tu, cha kawaida, hata Hooyo alitabasamu. Mimi nikakibeba kifuani usiku kucha.

Sasa wale mliozaliwa mjini niwaeleze. Ngamia hupakiwa na watu wawili. Anapiga magoti, unamtandikia mikeka mgongoni, unapanga nguzo za nyumba huku na huku, halafu mmoja anasimama kulia na mwenzake kushoto, wanavuta kamba kwa pamoja, mguu mmoja umekanyaga ubavu wa mzigo, na wanasemezana wakivuta. Hakuna mwanamke anayepakia peke yake, hata awe na nguvu za namna gani. Asubuhi Habiba akaja, amekwishamaliza wa kwake, akashika kamba upande wa pili.

"Lete, nivute."

"Acha," nikasema. "Nitaweza."

Akanitazama. "Abaayo, askari hawana subira."

"Nimesema nitaweza."

Nikavuta kulia, nikazunguka mbio nikavuta kushoto, nikarudi kulia, jasho linanitoka, msafara mzima umejipanga unanitazama mimi tu, na Hooyo amekaa chini akingoja kupandishwa. Askari mmoja akaja akaniuliza kwa nini nachelewesha watu, nikamjibu kwa Kiswahili changu cha kaunta kwamba asinifundishe kazi. Akasema, "Huyu mama ana kiburi!" na wanawake, hata wale wasiojua Kiswahili, neno hilo walilitambua. Juu ya mzigo nikaweka sanduku langu la bati nililotoka nalo mjini, upande mmoja, maana ule wa pili nilikuwa nimechoka kuufikia.

Dheere akasimama. Alipiga hatua chache, mzigo ukainama, ukateleza, ukazunguka wote ukaenda kuning'inia tumboni. Mnyama mpole yule akawa kama kaguswa na moto. Alikurupuka katikati ya watu, wanawake huku, watoto kule, vyombo vya maziwa vinaviringika, nguzo zinavunjika moja moja, na sanduku likafunguka. Jamani, sanduku! Kioo changu, viatu vya visigino (porini!), na shumizi zangu zote za arusi, za waridi na za manjano, zikatapakaa kwenye miiba mbele ya kikosi kizima. Askari wale walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja aliitungua shumizi kwa mtutu wa bunduki akauliza bendera hii ni ya nchi gani. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakati nakusanya nguo zangu, (angalieni, nguo, si ngamia), Dheere alikuwa ameshavuka mstari wa askari anaelekea kichakani, nao walikuwa wanakiogopa kichaka kile kuliko kitu chochote. Mtu akapiga kelele. Nikaona bunduki zinainuliwa. Hooyo Dekha, ambaye Kiswahili chake hakikujaa kiganja, akainuka kwa goti lile lile bovu, akapunga mikono akilia:

"Usibige! Afande, usibige! Hiyo ya mimi!"

Walipiga. Dheere akaanguka upande, na mikeka ya nyumba yangu ikiwa bado inamning'inia.

Hooyo alipelekwa kijijini amebebwa na Habiba na wenzake kwa zamu, mimi nafuata nyuma na sanduku kichwani. Hakunilaumu. Jioni alinipa chai kabla ya kunywa yake.

Vita vikaisha, watu wakaruhusiwa kurudi malishoni, na wakaja jamaa kutoka mbali kumchukua Hooyo ahame nao. Mwanamke mmoja akamuuliza mbele ya wote, mimi nikiwapo, nikipuliza moto:

"Dekha, Dheere yuko wapi?"

Hooyo hakunitazama. "Aliugua," akasema. "Alikuwa mzee. Alikufa."

Wakasema inna lillahi. Wakamwambia goti lile bila ngamia aliyemzoea halitaweza, bora abaki. Akabaki. Mume wangu akarudi malishoni na mifugo, mimi nikabaki na Hooyo pale kijijini, na kila mvua ilipotanda upande wa malisho alikuwa anageuza kiti chake aitazame. Alikufa pale pale.

Aibu ya shumizi ilinitoka zamani, hata mimi naisimulia kwenye arusi nikitaka kuchekesha. Ninachojutia ni ule moto niliokuwa nikiupuliza. Ningeweza kuinua kichwa nikasema, hapana, si ugonjwa, ni mimi. Yalikuwa maneno machache. Lakini wale wageni walikuwa wananiheshimu, binti wa duka aliyehitimu chuo, nami sikutaka kupungua machoni pao, basi nikamwacha mama wa watu aseme uongo uzeeni kwa ajili yangu, na mara zote nilizosimulia tangu hapo nimeishia kwenye bendera.

Leo sikuishia hapo. Dheere hakuugua, jamani. Alikuwa mzima, na hakuwa mzee.