Ukuta Tulioombwa

Mume wangu alijenga nusu ya mji huu, na mimi akanijengea giza. Najua mnachotaka kusema: huyu ni mwanamke asiye na shukrani. Ngojeni kwanza nimalize.

Miaka ile ya tisini, katikati ya mji palikuwa panachimbwa kila pembe. Nyumba za zamani zenye veranda zilikuwa zikibomolewa, na ukipita tena unakuta uzio wa mabati, na ndani ya uzio shimo la kutisha. Mume wangu alikuwa fundi wa mawe, na alikuwa amepata kazi kwenye mjengo wa jumba moja refu la vioo. Jioni akirudi kwetu Kariobangi, vumbi la simiti likiwa bado kwenye nyusi, hakuwa na habari nyingine. Leo tumemwaga zege juu kabisa. Leo lifti zimeletwa. Lango lake, akasema, malori mawili yanapishana bila kugusana. Mimi nilikuwa nimekaa jikoni nachambua mchele, magoti yamegusa ukuta huu, mgongo umegusa ule. Nikamwambia, "Hongera. Waambie wakupimie nafasi kidogo utuletee kwa mfuko." Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, hilo sitamnyima.

Jumapili moja baada ya kanisa alinipeleka nikalione. Tulisimama ng'ambo ya barabara, shingo zimekunjwa. Nikamuuliza, madirisha yote hayo yanafunguliwaje? Akasema hayafunguliwi, hewa inaletwa na mashine. "Ebo! Dirisha lisilofunguka ni dirisha la nini?" Akaniambia nishushe sauti, watu wananitazama.

Sasa niwaeleze desturi ya mtaa wetu, maana hapo ndipo tulipojifunga kamba wenyewe. Kila mtu mwenye kiploti alikuwa akiongeza vyumba vya kupangisha watu wa viwandani. Mawe ni ghali, simiti ni ghali. Kwa hiyo mtu akitaka kujenga alikuja kwako jioni, akanywa chai, akaulizia watoto, halafu akasema, "Jirani, naomba ukuta." Maana yake yeye atajenga kuta tatu, na wa nne ni wako. Paa lake litalala juu ya mawe yako. Kumnyima mtu ukuta ilikuwa sawa na kumnyima maji ya kunywa. Hata mchungaji wetu aliomba. Jirani wa kulia aliomba tukampa. Wa kushoto aliomba tukampa, na mume wangu akampigia plasta bure. Sisi nasi tuliomba wa mbele. Hakuna aliyefikiria kwamba ukuta ukishaombwa haurudi. Ukitaka kubomoa wako, unamwangushia mwenzako nyumba.

Katikati ya vyumba hivyo vyote ilibaki njia moja ya kutokea barabarani, na njia hiyo ilikuwa na kona. Mume wangu aliipima kifundi: alisukuma wilbaro tupu, lile toroli la gurudumu moja, kutoka nyuma hadi barabarani, na vidole vyake havikuchubuka. "Ikipita wilbaro, maisha yamepita," akasema. Mafundi wote wa mtaa walipima hivyo. Lakini wilbaro haikuulizwa juu ya plasta ambayo majirani wangepiga baadaye, wala bomba la maji ya mvua, wala ngazi waliyoongeza walipopandisha ghorofa. Mwishowe wilbaro yenyewe ilikuwa ikilala nje, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya stima.

Mama yangu alikuja njia ingali pana. Alikuja kutoka magharibi na fimbo yake, kuku kwenye kikapu, na mguu uliokuwa ukimsumbua, eti atazamwe hospitali kubwa kisha arudi kabla ya palizi. Kwetu, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Hawashikani mikono, hawaangaliani usoni. Ni heshima, na heshima hiyo haijaambiwa kwamba Nairobi hakuna nafasi. Hapo mume wangu alifanya la maana, na nampa haki yake. Alijenga chumba cha nyuma chenye mlango wake na dirisha kubwa la kutazama uwanja wa wazi ulio nyuma yetu, na kati ya paa letu na lile la mama akaacha mwanya wa kupitisha kidole, ili isisemwe kuwa ni paa moja. Mvua ilikuwa ikiingia hapo, lakini desturi ilikuwa imetulia.

Siku ya kumkabidhi chumba alisimama nje. "Mama watoto, mwambie mama karibu."

Mama naye kutoka ndani, "Mwambie mwenye nyumba asante."

Mimi katikati kama simu. Tangu siku hiyo mume wangu hakuvuka kizingiti cha chumba kile. Alikijua kwa futi na inchi, maana alikijenga yeye, lakini kukaa ndani yake hakujua kulivyo.

Mguu haukupona. Palizi ikapita, mavuno yakapita, na asubuhi moja upande mzima wa kulia wa mama ukakataa kuamka. Akawa mtu wa kulazwa na kugeuzwa. Kitanda chake nilikisukuma hadi chini ya dirisha, na dirisha lile likawa kijiji chake. Aliwaona watoto wakicheza mpira wa karatasi, kina mama wakianika nguo, kwaya ikifanya mazoezi. Alijua nani amegombana na nani kwa kutazama tu kamba za nguo. Mjomba, ndugu yake, alikuwa na pikapu, na alituma neno kwamba atakuja kumchukua mvua zikiisha, maana barabara ya kwetu haipitiki kwa matope. Mama alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila nilipomwosha. "Mwanangu, nisitoke humu nikiwa mzigo. Nitoke nikiwa naona."

"Utatoka unaona, mama. Hilo niachie mimi."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Jumba la vioo likaisha. Siku ya kufunguliwa kulikuwa na bendi na wageni, na waliolijenga walisimama nje ya kamba. Mume wangu akakaa nyumbani bila kazi, akitengeneza bawaba ambazo hazikuharibika. Kisha asubuhi moja tuliamka tukakuta uwanja umezungushiwa mabati. Eti una mwenyewe. Eti mji umekua, kutajengwa maghorofa. Tulipiga kelele, vijana wakarusha mawe, askari wakaja, tukanyamaza. Mwenye uwanja hatukumwona hata siku moja. Aliyekuja ni msimamizi wake, mtu mpole, amevaa kofia ya plastiki. Alikuja jioni. Akanywa chai. Akaulizia watoto.

Nikajua.

"Jirani," akamwambia mume wangu, "tunaomba ukuta."

"Ukuta upi?" nikadakia. "Ule wa nyuma una dirisha! Na nyuma ya dirisha kuna mama yangu!"

Mume wangu alikuwa anatazama kikombe chake. Nilimfahamu mtu wangu. Alikuwa ameshakubali huko nje kabla chai haijachemka. Na si hivyo tu. Alikuwa ameshapewa kazi.

Msimamizi alipoondoka nilisema maneno ambayo hata leo yakinijia naona haya. Nilimwita mchawi. Nilimwambia anamzika mkwewe akiwa hai. Yeye hakupaza sauti. "Mama watoto, nisipojenga mimi atajenga mwingine. Mjengo ni mjengo. Watoto wale nini?" Kisha akaongeza, kama anayenipa zawadi, "Nitaweka taa kubwa."

Aliweka taa kubwa.

Dirisha la ukuta ule aliliziba kwa mawe kwa mkono wake. Walimpanga upande wetu makusudi, nadhani, ili tusiwe na la kusema. Nilikuwa ndani na mama, yeye yuko nje, dirisha katikati yetu. Kwa kuwa hakutakiwa kumwona mkwewe, nilishika pazia. Nasikia mwiko unakwaruza, nasikia nyundo ikigonga jiwe likae, ngo, ngo, kisha kivuli kinapanda juu ya pazia. Mama akaniuliza, "Nani huyo anafanya kazi?"

"Mafundi, mama."

"Mmoja anakohoa kama mwenye nyumba."

Nikalivuta pazia vizuri. Saa nne nilichemsha chai, maana hasira ni hasira na mtu ana kiu. Nilipenyeza kikombe juu ya mawe, mkono wake ukakipokea. Vidole vyake vilikuwa na simiti, vyangu vilikuwa na sabuni ya kumwoshea mama. Alikunywa, akarudisha kikombe. Alasiri nilipotaka kumpa tena, mkono wangu uligonga jiwe. Nikarudi nikakaa kitandani na chai yangu, nikalia. Nililia kwa sauti, asikie.

Tangu hapo taa haikuzimwa mle. Mama alipoteza mchana na usiku. Nikimpelekea uji wa asubuhi ananiambia usiku mwema. Akawa ananiuliza kama kumekucha. Nikimwambia kumekucha, ananitazama kama unavyomtazama mtoto anayedanganya. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitoka na karai la nguo naambaa kwenye ile njia, viwiko vimechubuka, nafika barabarani nasimama tu. Natazama juu. Majirani walidhani naomba.

Mvua zikaisha, na mjomba akaja na pikapu yake. Vijana wa mtaa, wale wale waliorusha mawe, wakaleta machela ya kamba. Wakaingia nayo, wakatoka, wakaingia tena. Mmoja akaja kwangu jasho linamtoka. "Mathe, hii machela haikati kona. Haki ya nani, haikati."

Wakajaribu kiti. Mikono ya kiti ikakwama kwenye bomba la maji ya mvua. Mjomba alikuwa mzee, mgongo wake mbovu. Vijana nao mabega mapana. Peke yake kijana alipita, akiwa na mtu mgongoni viwiko vyake vilikwama. Mume wangu alikuwa amesimama barabarani. Mtu anayebeba jiwe begani kutwa nzima! Angemnyanyua mama yangu kama mto. Lakini ni mkwe. Hawezi kumgusa, hata kumtazama hawezi. Alikuwa amegeuza uso, anatazama upande wa sokoni. Kisha akaingia kwa kasi, akarudi na nyundo kubwa.

"Nabomoa kona," akasema.

Msimamizi wa maghorofa, aliyevutwa na kelele, akatokea kwenye ngazi ya jirani. "Fundi, ukitoa jiwe hapo, unajua kinachokuja nalo."

Alijua. Juu ya ukuta ule kulikuwa na vyumba vya watu, nguo zimeanikwa, mtoto anachungulia. Akasimama na nyundo yake. Akaiweka chini polepole, kama kitu cha kuvunjika.

Basi nikasema, "Ondokeni wote kwenye njia. Nileteeni leso."

Nilimkalisha mama kitandani, nikachuchumaa, nikamvuta mgongoni, nikamfunga na leso ya kwanza, nikaongeza ya pili. Alikuwa mwepesi, na wepesi wake ndio ulionivunja moyo. Nikaingia njiani. Niliyakunja mabega yangu kwa ndani, mashavu yetu yakasugua kuta, yangu huku, yake kule. Kwenye kona nilikwama. Nikapumua nje pumzi yote, nikageuka kidogo kidogo. Mama alikuwa ametoa mkono wake wa kushoto, ule mzima, anapapasa ukuta.

"Plasta hii nani alipiga?"

"Mkweo, mama."

"Amepiga vizuri," akasema.

Nilicheka pale pale, nimebanwa, machozi yananiingia mdomoni.

Tulipotoka barabarani jua lilikuwa la utosi. Mama alificha macho begani kwangu, akakaa hivyo kitambo. Halafu akainua kichwa, akatazama. Alitazama mabati ya Kariobangi, moshi, mbuzi kwenye takataka, kila kitu, na hakuharakisha. Mume wangu alikuwa hatua chache tu, mgongo ametugeuzia. Mama akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwambie mwenye nyumba asante. Na umuulize, ninyi nanyi mtatoka lini?"

Siku zote nilikuwa nikiyafikisha maneno yao. Siku hiyo sikuyafikisha. Mume wangu alikuwa ameyasikia. Nikamlaza mama kwenye godoro ndani ya pikapu na kumfunika. Alisafiri kichwa kimeinuliwa. Aliishi huko kwao hadi akaiona palizi nyingine, na kila aliyetoka huko alikuja na salamu na swali lile lile.

Pikapu ilipoondoka tulirudi ndani, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu bega kwa bega haiwezekani. Mume wangu alisimama mbele ya chumba cha mama. Sasa ruhusa ilikuwepo. Akavuka kizingiti, akatazama kitanda, na kwa mazoea ya mtu anayeogopa bili ya stima akaizima taa.

Ilikuwa saa saba mchana. Sikumwona tena, wala mkono wangu sikuuona. Nilisikia anapapasa ukutani, anatafuta swichi aliyoiweka mwenyewe, na haipati.

"Alikuwa anakaa humu?" akauliza gizani.

"Alikuwa."

Baadaye chumba cha mbele kilipata mpangaji, na sisi tukahamia cha nyuma. Yeye ameshatangulia mbele ya haki. Ninaandika haya mchana, taa imewashwa.