Nyuki Katika Mzinga Namba Tatu

Kinyozi mmoja wa mtaani kwetu aliitwa Kishindo, na jina hilo alilipata kihalali. Siku za kazi alinyoa watu kwenye chumba chenye kioo kilichopasuka. Jumamosi alivaa sare na kuwa sajini wa kikosi cha mizinga cha jeshi la akiba. Milio ya mizinga ilikuwa imemharibu masikio, kwa hiyo hata akikuomba uinamishe kichwa, alikuamrisha kama mko vitani. Wateja wageni waliruka wakasimama wima, shuka ikiwaning'inia shingoni.

Kikosi chenyewe kiliundwa zamani ili kulinda daraja. Mafuriko yakalibeba daraja, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukivunja kikosi, kikaendelea tu. Kilikuwa na betri tatu, yaani makundi matatu, kila moja na mizinga yake, na kila mzinga na watu wake: wa kulenga, wa kupakia, wa kuvuta kamba. Kamanda alikuwa daktari wa meno. Mpakiaji wa Kishindo alikuwa mwoka mikate, na mlengaji wake alivaa miwani minene kama kitako cha chupa. Adui hakuwahi kujitokeza. Kombora moja tu lilipotea njia mazoezini likaangukia jiko la kambi, na askari waliapa kwamba tangu hapo chakula kilipata nafuu.

Mama mkwe wa Kishindo hakuwa na habari na sifa hizo.

"Binti yangu nilimwoza kwa kinyozi," alikuwa akisema. "Sasa kila Jumamosi mtu anakwenda kulinda daraja ambalo halipo!"

Kwa heshima, Kishindo alijifanya hasikii. Mara nyingi hakuwa anasikia kweli.

Ikafika sherehe ya kuzaliwa kwa kikosi. Jenerali mzima alialikwa, na mzinga namba tatu, wa Kishindo, ukachaguliwa kupiga saluti. Familia zilikuwa zimeshaketi alipofunua turubai mdomoni mwa mzinga. Hata yeye alisikia mvumo. Akachungulia, akarudi kinyumenyume, akashika redio.

"Afande, mzinga una nyuki!"

"Sajini, tunataka mzinga wa vita," kamanda akajibu. "Huo wa nyuki umeutoa wapi?"

"Si mzinga wa nyuki, afande. Ni nyuki wa mzinga!"

"Umelewa?"

Kamanda akaja mwenyewe, akachungulia, akachomwa mdomoni, akaelewa.

"Tufyatue hivyo hivyo," akashauri mwoka mikate.

"Wamo na watoto wao!" Kishindo akafoka, na uwanja wote ukamsikia.

Akamsikia na mama mkwe, aliyefuga nyuki tangu usichana wake. Alishuka jukwaani taratibu, mkoba kwapani.

"Sogea, baba," akamwambia mkwewe. "Huku nyuma kunafunguka?"

Kishindo akaufungua mzinga kwa nyuma. Mama akawasha kitambaa kikuukuu, akaanza kupuliza moshi ndani. Nyuki wakatoka kwa mbele kama wingu, na wakati huohuo gari la jenerali likaingia langoni.

Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Nyuki walizunguka juu ya gwaride, wakatembea kwenye kofia, kwenye masikio, kwenye miwani ya mlengaji. Mmoja alipanda pua ya kamanda akakaa kileleni kama bendera. Jenerali, aliyeisahau miwani yake garini, alipita mstari kwa mstari, akiwaona askari waliokakamaa wakitoka jasho jembamba, asijue kinachowashika.

"Nimekagua vikosi vingi," akasema kwa sauti nzito. "Nidhamu kama hii sijawahi kuiona."

"Achante, afande," kamanda akajibu kwa mdomo uliovimba.

Hatimaye nyuki wakamfuata malkia wao ndani ya tarumbeta kubwa la bendi, ambalo mpigaji wake alikuwa amelitupa na kukimbia nyuki walipotoka. Mama mkwe akaliziba kwa skafu yake. Mwoka mikate akayatoa masega yenye watoto, akapakia; Kishindo akavuta kamba, saluti ikalia safi, na mama mkwe akajikuta anapiga makofi.

Jioni alilibeba tarumbeta nyumbani, akampa Kishindo upande mmoja ashike.

"Huyu wa kulenga," akauliza njiani, "anaona kweli?"

"Anasema anaona, mama."

"Mh. Jumamosi nitakuja nimwangalie."