Viota vya Safu ya Dirishani

Miaka kumi na tisa ya kuosha vizimba vya panya wa maabara ilikuwa imemnyang'anya mpaka jina. Wenzake walimwita Mama Panya, naye hata nguvu za kununa hakuwa nazo tena.

Panya wa safu ya dirishani walikuwa wake. Walikuwa wametiwa ugonjwa wa ubongo uleule uliokuwa ukimla mumewe nyumbani: protini moja inajikunja vibaya, inazikunja na nyingine, seli zinakufa. Dawa aliyokuwa akiijaribu daktari wa maabara haikuzinyoosha protini hizo. Kazi yake ilikuwa kuzikinga seli zisife. Panya wa safu ya mlangoni, wagonjwa vilevile, walioangaliwa na mwenzake, hawakupewa dawa. Kila jioni kila panya aliwekewa kipande cha pamba iliyoshindiliwa. Mwenye akili zake huichambua akajijengea kiota. Ubongo ukianza kuharibika, huiacha ilivyo.

Asubuhi hiyo daktari aliingia na karatasi zake, meno yote nje.

"Mama, safu yako wamejenga wote! Wiki ya kumi na nane! Kule mlangoni hakuna hata mmoja. Tukienda hivi tutaomba ruhusa ya kujaribu kwa watu, na mzee wako namwandika wa kwanza."

Mumewe, fundi cherehani mzima, siku hizi alikitazama kifungo cha shati kama mgeni. Wa kwanza! Angeweza kunyamaza. Akaosha ndoo mbili, akaziinamisha zikauke.

"Daktari, viota vingine nimejenga mimi."

"Wewe?"

"Nawakuta asubuhi wamelala juu ya pamba ngumu, wanatetemeka. Nyumbani natoka kumtandikia mgonjwa, nikifika hapa mkono unaendelea wenyewe. Niliwaonea huruma tu."

Daktari akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Vingapi?"

"Saba. Kati ya kumi."

Akavifuta kimoja kimoja kwenye karatasi zake. "Na hawa watatu?"

"Hao sikuwagusa."

"Watatu si haba," alisema, lakini uso ulikuwa umemshuka. "Tutaanza upya."

"Na mzee wangu?"

"Itachukua miaka, mama."

Miaka hiyo mumewe hakuwa nayo, na wote wawili walijua.

Kesho yake alizikuta pamba saba ngumu kama zilivyowekwa. Kitanda cha nyumbani alikuwa ameshakitandika kabla ya kutoka. Akatia mikono mfukoni, akapita.