Spika za Mtaa wa Pili

Nilikuwa mji wa Faza, nachaji simu kwa fundi anayekodisha spika, alipoingia mama mmoja mwenye harusi ya mwanawe. Fundi akafunua spika mbili mpya, alizozinunua kwa bei ya injini ya boti.

"Hizi, Bi, hata pumzi ya mwimbaji utaisikia."

"Mimi siku hiyo niko jikoni. Zitafika mtaa wa pili?"

"Hizi ni za usafi wa sauti, si za kelele."

Mama akanyoosha kidole kwenye honi kuukuu, spika ya kutangazia mikutano, juu ya kabati. "Basi nipa ile. Walomnyima mwanangu binti yao wakaa mtaa wa pili."

Fundi alinitazama kama mtu aliyefiwa. Husema watu wetu hawana masikio ya vitu ghali. Wanayo, ila harusi haipigiwi masikio ya mwenyewe.

Siku ya harusi nilipita mtaa wa pili makusudi. Honi ilikwaruza, hakuna neno lililoshikika. Mama wa yule binti alifunga dirisha kwa kishindo. Kisha akalifungua tena, kiasi cha sikio kupita.